Naumwa tangu utotoni, hakuna aliyewahi kunipa jina la ugonjwa, na pesa ni kidogo. Nianze na kipimo gani?

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Nina miaka 23. Tangu nikiwa na miaka 12 hivi sijawahi kumaliza mwezi nikiwa mzima. Naamka nimechoka, viungo vinauma, nikisimama napata kizunguzungu, na kila mwezi kuna siku tumbo linanilaza kabisa. Mama alitulea watoto wanne peke yake kwa vibarua. Hospitali tulienda pesa ikipatikana: mara nikaambiwa minyoo, mara vidonda vya tumbo, mwisho nikaambiwa ni mawazo. Shuleni niliitwa mvivu. Sasa nimepata kazi na nina akiba kidogo. Kuna mahali wanapima mwili mzima kwa siku moja, ila bei yake inamaliza akiba yote. Niende? Na je, inawezekana kweli ni akili yangu tu? Mama anasema niache kufukua ya zamani."

Marahaba, mdogo wangu. Akiba hiyo usiipeleke huko. Nitakwambia kwa nini, halafu nikueleze ningeanzia wapi kama ningekuwa mimi.

Kipimo kinajibu swali. Ukikifanya bila swali, kinakuletea majibu ambayo hukuyatafuta. Mpitishe mtu yeyote mzima kwenye mashine ya kisasa na mara nyingi utamkuta na kifuko cha maji kwenye figo, kinundu kidogo kwenye tezi ya shingo, au pingili ya mgongo iliyoanza kuchakaa. Vingi kati ya hivyo havina madhara, wala havihusiani na kinachomuumiza, lakini kila kimoja kitadai kipimo kingine cha kukithibitisha, na hicho nacho kina bei yake. Damu ni hivyo hivyo. Chukua kipimo cha ANA kinachotumika kutafuta lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Kwa karibu wagonjwa wote wa lupasi kinatoka chanya, ni kweli, lakini hata kwenye kiwango cha 1:160 hutoka chanya kwa mtu 1 kati ya 20 hivi walio wazima, na kwenye kiwango cha chini cha 1:40 wanazidi mmoja kati ya wanne. Ukipewa karatasi ya namna hiyo bila mtu wa kukufafanulia, unarudi nyumbani na ugonjwa usio wako.

Upande wa pili unanitia wasiwasi zaidi. Magonjwa mengi yanayomwanza mtu utotoni na kumfuata ukubwani hayaonekani kwenye picha. Majibu yakitoka "hakuna tatizo", utakuwa umetoa akiba yote kununua karatasi ambayo madaktari watakaofuata wataitumia kukwambia kwamba huumwi.

Kinachotangulia kipimo ni historia. Mwaka 1975 daktari J. R. Hampton na wenzake wa Uingereza walichapisha uchunguzi mdogo ambao mpaka leo tunaufundishia wanafunzi. Walichukua wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya nje, wakaandika wanadhani mgonjwa anaumwa nini baada ya kusoma barua ya rufaa na kumsikiliza tu, wakaandika tena baada ya kumpima kwa mikono, kisha wakasubiri maabara. Kwa wagonjwa 66 jibu la mwisho lilikuwa limeshapatikana kwenye maelezo. Kumpima kwa mikono kulisaidia kubadili jibu kwa 7, na maabara kwa 7 wengine. Siku hizi vipimo vimeongezeka, lakini mpangilio huo haujapinduka: anayejua kusikiliza anajua pa kutafuta.

Na historia ndiyo umaskini ulikuvunjia vipande vipande.

Tazama ulivyotibiwa. Ulipelekwa hospitali siku hali ilipozidi na pesa ilipokuwepo, siku mbili ambazo si lazima ziangukie pamoja. Kila safari ulimkuta mtu mwingine, asiye na faili lako, mwenye foleni ndefu nje ya mlango. Kwake hukuwa mtoto anayeumwa mwaka wa nne mfululizo. Ulikuwa mtoto anayeumwa tumbo leo, na mtoto anayeumwa tumbo leo anapewa dawa ya minyoo. Hakukosea sana kwa alichokiona. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeona zaidi ya siku moja. Daktari Julian Tudor Hart aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kupungua pale pale mahitaji yanapozidi, na nadhani maisha yako ni ushahidi wake.

Halafu kuna dawa zenyewe. Mtu asiye na uwezo hupewa dawa ya kumwezesha kurudi shule au kazini kesho yake, na dawa hizo zina tabia ya kufuta nyayo. Prednisoloni, au ile sindano ya deksamethasoni ambayo watu wanaisifia kwamba "ilinitoa maumivu yote", hutuliza karibu kila uvimbe mwilini kwa siku kadhaa, ukiwemo wa lupasi na hata wa baadhi ya saratani za damu, na inaweza kuficha kifua kikuu huku ikikipa nafasi ya kusambaa. Antibayotiki iliyoishia nusu dozi inaweza kufanya damu isioteshe vijidudu maabara hata kama vipo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zikitumika miaka zinaweza kuchimba vidonda kwenye ukuta wa tumbo. Kwa hiyo niliposoma kwamba uliambiwa una vidonda vya tumbo, swali langu la kwanza lilikuwa: kabla ya hapo ulikuwa unameza nini kwa yale maumivu ya viungo? Inawezekana kabisa vidonda vilikuwepo, na vilisababishwa na dawa ya ugonjwa ambao haujapewa jina. (Kama hata sasa unatumia prednisoloni kila siku kwa majuma, usiiache ghafla. Mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na kuikatiza kwa siku moja ni hatari.)

Njaa nayo inavuruga hesabu. Mtoto anayeruka mlo huchoka, hukonda, hupata kizunguzungu, hashiki masomo. Mtoto mwenye upungufu wa damu, tezi ya thairoidi iliyolegea, kisukari kinachoanza au utumbo usiofyonza chakula ana dalili zile zile. Anayeijua hali ya nyumbani kwenu atasema ni lishe na kuishia hapo, hata siku ambazo mlikula vizuri na wewe ukaendelea kuanguka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina gharama kubwa: kusanya historia yako iwe moja. Tafuta kadi yako ya kliniki ya utotoni kama ipo. Ile chati ya uzito na urefu ni ushahidi ambao watu wazima wengi hawajui kwamba wanao. Njaa au ugonjwa sugu ukimwanza mtoto, mara nyingi uzito husimama kwanza na urefu hufuata baadaye. Homoni zikiwa na kasoro, urefu unaweza kudumaa huku uzito ukiendelea kupanda. Tafuta ripoti za shule. Si kwa ajili ya alama, bali kwa ile sehemu ya mahudhurio ambayo hakuna aliyeisoma. Kama ulikosa siku mbili tatu karibu kila mwezi kuanzia darasa fulani, hiyo inamweleza daktari mengi kuliko sentensi "naumwa mara kwa mara". Kusanya vyeti vya hospitali, hata vilivyokunjamana, na majina ya dawa ulizotumia.

Kisha chukua daftari na kwa miezi miwili andika kila jioni mstari mmoja tu: tarehe, kama upo kwenye hedhi, umelala saa ngapi, umekula mara ngapi, kinachouma na kwa kiasi gani, umemeza nini, na ulishindwa kufanya nini. Hiyo ya mwisho usiiruke. Mwisho wake kunja yote kwenye ukurasa mmoja, tatizo lilikoanzia juu na lilipofikia chini. Daktari mwenye dakika 10 atausoma ukurasa mmoja. Bahasha nene ataipapasa tu.

Nikupe mfano. "Nachoka sana" haimwambii daktari kitu, kwa sababu kila anayeingia mlangoni anasema hivyo. Andika: "Napumzika mara mbili nikipanda ngazi za kazini. Mwaka jana nilikuwa nazipanda mara moja. Nikifua Jumamosi, Jumapili siamki." Au kwa viungo: "Vidole haviwezi kufunga vifungo vya shati mpaka karibu saa nne asubuhi." Ugumu wa asubuhi unaozidi saa nzima unaelekeza kwenye viungo vilivyovimba kwa sababu ya kinga ya mwili, wakati maumivu yanayoongezeka kadiri siku inavyokwenda yana njia nyingine.

Hapa kuna jambo ninaloliona mara kwa mara kwa waliokua katika dhiki. Mtoto anayejua kwamba akisema "naumwa" chakula cha wiki kitakwenda hospitali, hujifunza kunyamaza. Anakuwa hodari wa kuficha. Akikua, anakaa mbele ya daktari na kueleza maumivu makali huku akitabasamu, akimalizia na "lakini si sana". Daktari anaandika alichokiona: maumivu ya wastani, mgonjwa mchangamfu. Kama unajitambua humo, ukurasa ule utakusaidia kwa sababu karatasi haitabasamu. Mpe ausome kabla hujaanza kuongea.

Sasa nirudi kwenye ulichoniandikia, kwa tahadhari, maana siwezi kukuambia unaumwa nini bila kukuona. Kuna sentensi uliyoitaja kwa kupita: "kila mwezi kuna siku tumbo linanilaza kabisa", na ilianza ukiwa na miaka 12 hivi. Je, ni siku za hedhi au zinazoitangulia? Kama ndivyo, endometriosisi lazima iwe kwenye orodha. Ni hali ambapo tishu inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, na kutambuliwa kwake huchukua miaka mingi, kwa sababu msichana huambiwa kwamba maumivu ya hedhi ni kawaida. Maumivu yanayomzuia mtu kwenda shule si kawaida. Ultrasaundi iliyotoka safi haiiondoi kwenye orodha. Na hapa kuna nafuu kwa mfuko wako: mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 umeacha kulazimisha upasuaji wa kuchungulia tumbo kabla ya kuanza tiba. Daktari anaweza kuanza na dawa za homoni, ambazo nyingine ni vidonge vile vile vya uzazi wa mpango, akaangalia kama maumivu yanapungua.

Kama hedhi yako ni nzito pia, basi uchovu na kizunguzungu huenda vina mlango wao wa karibu: madini ya chuma. Hemoglobini chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu wa damu, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba akiba ya chuma inaweza kwisha kabla hemoglobini haijashuka, ukachoka huku karatasi ikisema damu inatosha. Kipimo cha feritini ndicho kinachoonyesha akiba hiyo, na kwa mtu mzima chini ya 15 maana yake ghala ni tupu. Ila feritini hupanda mwili unapokuwa na uvimbe au maambukizi, hivyo isisomwe peke yake.

Kizunguzungu cha kusimama unaweza kukichunguza nyumbani, ukiwa na saa na mtu karibu yako. Lala chali dakika 5 hadi 10, weka vidole kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 60. Simama bila kuegemea popote, hesabu tena dakika ya 1, ya 3, ya 5 na ya 10. Ukiona giza linakuja, kaa chini, jaribio limekwisha. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko juu, andika. Kuna hali ya mishipa ya fahamu inayoendesha moyo ambayo hutambuliwa hivyo hivyo, mradi shinikizo la damu halikuanguka, lakini upungufu wa damu na wa maji mwilini hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana damu hutangulia. Kama mnaweza kupata mashine ya kupimia shinikizo, andikeni namba zake pia. Kushuka kwa 20 au zaidi kwenye namba ya juu ndani ya dakika 3 kunahitaji maelezo.

Vipimo vya kwanza ambavyo ningeomba kwa dalili zako ni vichache na vya kawaida: picha kamili ya damu, feritini, ESR au CRP inayoonyesha kama mwilini kuna uvimbe unaoletwa na kinga au maambukizi, sukari, kreatinini ya figo, homoni ya TSH kwa ajili ya thairoidi, VVU, na mkojo kwa kile kijiti cha kubadilika rangi. Kijiti hicho watu hukidharau. Protini na damu kwenye mkojo wa msichana mwenye maumivu ya viungo hubadilisha mazungumzo yote, kwa sababu lupasi hupenda figo, na figo haziumi mpaka zimechelewa. Kama hujawahi kupimwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, pima mara moja maishani, hasa kama kwenye ukoo kuna watoto waliokuwa wakilia viungo. Aina zake nyepesi hugunduliwa hata ukubwani. Ikiwa una tatizo la kuharisha au kujaa gesi, ulizia kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki, ambapo ngano hudhuru utumbo, lakini usiache kula ngano kabla ya kupima, maana kipimo kinaweza kutoka safi kwa aliyeiacha. Mengine yote yangoje majibu haya yaseme njia.

Ukifika, mwambie daktari kiasi ulichonacho. Najua inauma. Lakini asipojua ataandika vipimo saba, wewe utafanya viwili ulivyochagua kwa kubahatisha, na hamtafika. Mwulize: "Nikiwa na uwezo wa vipimo vitatu tu, ungeanza na vipi?" Hilo ni swali la kitaalamu kabisa, na daktari mzuri atalipenda. Hospitali kubwa nyingi zina ofisa wa ustawi wa jamii anayeshughulikia misamaha, na asiyeuliza haelekezwi kwake. Zaidi ya yote, mrudie mtu huyo huyo. Daktari wa kawaida anayekuona mara tatu ana nafasi nzuri kuliko mabingwa watatu wanaokuona mara moja moja.

Sasa hilo la akili. Hapana, sidhani kwamba "ni akili yako tu", na hata kama msongo wa mawazo ungekuwa sehemu ya habari, hilo neno "tu" halina kazi hapo. Kuumwa miaka 11 bila kuaminiwa kunatosha kumpa mtu sonona, na sonona ikitibiwa haifuti endometriosisi wala upungufu wa chuma. Mtu anaweza kuwa navyo vyote. Vipo pia vile tunavyoita matatizo ya utendaji, ambapo viungo vina umbo zima lakini mawasiliano ya ubongo na mwili yameharibika. Hayo ni magonjwa halisi, yana dalili zake za kuyatambua na tiba yake. Daktari akikwambia "ni mawazo", mwulize kwa upole ni dalili gani zimemwelekeza huko, amepanga tiba gani, na kitu gani kikitokea atabadili msimamo. Kama hana jibu kwa hata moja, hajakupa utambuzi. Amefunga faili.

Mama yako nadhani nimemwelewa. Wewe ukisema "nataka kujua nini kilinipata", yeye anasikia "kwa nini hukunitibu". Alikuwa na watoto wanne na pesa ya mmoja, na huenda kuna usiku alioamua nani asubiri. Usimweke kizimbani, lakini usimwache nje pia, kwa sababu yeye ndiye shahidi pekee wa miaka ambayo huikumbuki. Mwulize mambo madogo yenye majibu: nilitembea nikiwa na miezi mingapi, nilivuja damu sana nilipovunja ungo, kuna shangazi aliyeteseka hivi, kuna mtoto wa ukoo aliyefariki bila kujulikana sababu, wewe mwenyewe mama hedhi zako zilikuwaje? Swali hilo la mwisho limewahi kufungua mambo mengi kwenye chumba changu. Mara nyingi mama naye alikuwa na maumivu yale yale na hakuwahi kumwambia mtu.

Inawezekana pia ufanye yote haya na jina lisipatikane mwaka huu. Duniani kuna magonjwa adimu zaidi ya 6,000, mengi ya kurithi na mengi huanza utotoni, na mengine bado hayana kipimo. Kukosa jina hakumzuii daktari kutibu maumivu, chuma, usingizi na kizunguzungu, wala hakukuzuii kurudi kila mwaka na ukurasa ulioongezwa mistari, kwa sababu lupasi na mengine ya jamii yake yanaweza kuchukua miaka kabla hayajajitokeza wazi.

Mambo haya usiyasubirishe mpaka daftari lijae. Ndani ya wiki muone daktari ukiona unakonda bila kukusudia, homa au jasho la usiku linalozidi majuma mawili, au damu kwenye choo au mkojo nje ya hedhi. Siku hiyo hiyo nenda ukizimia ukiwa unafanya kazi au mazoezi, ukipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, mguu ukipoteza nguvu au mkojo ukikutoka bila kuhisi, kiungo kimoja kikivimba na kuwa cha moto pamoja na homa, tumbo likiuma ghafla wakati hedhi imechelewa, au ukijikuta unawaza kwamba ni afadhali usingekuwepo. Hilo la mwisho mwambie mtu aliye karibu nawe usiku huo huo, naye akupeleke.